Nani Hakuugua?

Nyumba ya babu yetu iko Majengo, hapa Mombasa, na ni nyumba ya Kiswahili kama zilivyo nyingi mtaani: ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, na nyuma yake ua wenye jiko, choo cha shimo na kisima. Kisima hicho ndicho kilichotupa jina. Visima vingi vya kisiwani vina maji ya chumvi, lakini chetu kilitoa maji baridi yasiyokera ulimi, na tangu utotoni nilisikia wazee wakisema kwamba babu alikichimba kwa nia safi, ndipo Mungu akakitia utamu. Babu alipofariki kilikuwa cha baba, na baba alipofariki kikaniangukia mimi. Mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo wa mfuniko, mimi ndiye niliyenunua kamba na ndoo, na mimi ndiye niliyepokea pesa za mitungi siku ambazo mifereji ilikauka.

Siku hizo si chache. Kisiwa chetu hakina mto, na maji ya mfereji hutufikia kutoka mbali: chemchemi za Mzima zilizo zaidi ya kilomita 200 ndani ya bara, Baricho kando ya mto Sabaki, na Marere katika milima ya Shimba. Bomba likipasuka au pampu zikisimama, mtaa mzima hurudi visimani. Nayaeleza haya mapema ili ieleweke kwamba katika habari ninayoisimulia sikuwa mtu wa pembeni. Nilikuwa na pesa ndani yake, na jina la nyumba, na kumbukumbu ya wazee wangu, na vyote vitatu vilikuwa vimekaa upande mmoja wa mizani kabla sijaanza kupima lolote.

Ilikuwa mwezi wa Mei, ambao kwa kawaida ndio wenye mvua nyingi kuliko miezi mingine hapa Mombasa, na mwaka huo masika yalishuka kwa nguvu hata maji yakasimama vichochoroni kwa siku kadhaa. Watoto wakaanza kuharisha. Alianza mmoja, wakafuata wawili wa nyumba ya jirani, kisha wazee, na katika muda wa wiki mbili nilikuwa nimewahesabu wagonjwa 23 katika vichochoro vitatu vinavyopakana na nyumba yetu. Mtoto mmoja wa kike alilazwa siku nne akitiwa maji ya mshipa, na mama yake aliporudi nyumbani kuchukua nguo alikuwa kama mtu aliyesahau njia ya chumbani kwake. Mtaa uliingiwa na hofu, na watu wenye hofu hawawezi kukaa muda mrefu bila kupata jibu.

Jibu nililitoa mimi. Tulikuwa barazani baada ya sala ya Isha, watu kama kumi, kila mmoja akitaja alichosikia, nami nikasema tuache kubahatisha, tuangalie waliougua walikula wapi. Tukawataja mmoja mmoja. Katika kila wagonjwa watano, wanne walikuwa wamekula viazi vya karai vya mama mmoja aliyepanga chumba mtaani kwetu, mjane wa makamo ya mama yangu mzazi, ambaye kila alasiri aliweka karai lake kwenye kona na kuuza viazi kwa ukwaju. Nakumbuka nilivyojisikia wakati ule. Nilijisikia mtu mwenye akili kati ya watu wenye kelele, kwa sababu wenzangu walikuwa wakitaja majini na hasadi, na mimi nilikuwa nimeleta hesabu. Mzee mmoja akatikisa kichwa akasema, "Lisemwalo lipo," na maneno yakaishia hapo.

Nimeifikiria sana methali hiyo tangu wakati ule. Ukiisema mwishoni mwa mazungumzo, kazi yake huwa ni kufunga mlango. Hakuna anayeuliza tena lisemwalo limetoka wapi, maana kusemwa kwenyewe kumekwisha kuwa ushahidi, na sehemu yake ya pili, "na kama halipo laja," humfungia hata yule ambaye angethubutu kusema kwamba jambo lenyewe halijaonekana. Sisemi wazee walikosea kuitunga, kwa maana mara nyingi uvumi huwa na chanzo chake. Nasema tu kwamba usiku ule ilitumika mahali ambapo swali moja zaidi lingemwokoa mtu.

Yaliyomfika yule mama hayakuchukua siku nyingi. Wateja walikatika kesho yake. Siku ya tatu vijana wawili walimmwagia sufuria ya ukwaju mtaroni mbele ya watoto, na hapakuwa na mtu mzima aliyewakemea, mimi nikiwemo. Mwenye nyumba wake akamwambia atafute chumba kwingine mpaka mambo yatulie. Alihama asubuhi moja, mali yake yote ikiwa juu ya mkokoteni mmoja: godoro, ndoo mbili, karai limefungwa kwa kanga. Alipopita mbele ya baraza letu alinitolea salamu, nami niliitikia macho yangu yakiwa kwenye gazeti.

Mimi ni karani. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimefanya kazi ya kuondosha mizigo bandarini Kilindini, na kazi yenyewe kwa ufupi ni kulinganisha karatasi na mzigo. Hati ikisema magunia 400, siandiki 400 mpaka yamehesabiwa, na kijana atakayeniletea idadi aliyoisikia kwa mwenzake nitamrudisha ghalani akahesabu upya. Tena si kazini tu. Madrasa tulifundishwa aya za sura ya Al-Hujurat, zinazowataka waumini wakiletewa habari waichunguze kwanza wasije wakawadhuru watu kwa kutojua kisha wakajuta, na zinazoonya kwamba baadhi ya dhana ni dhambi. Nilizihifadhi nikiwa na miaka kumi, na naweza kuzisoma hadi leo bila kutazama msahafu. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba sikuwa na elimu ya kuchunguza. Elimu nilikuwa nayo, na desturi ya kuitumia nilikuwa nayo kwa saa nane kila siku, lakini niliiacha langoni mwa bandari kwa sababu nyumbani sikuwa na haja ya kujua. Jibu nililolipata lilinifaa.

Yule mama aliondoka lakini ugonjwa haukuondoka. Watu wakasema sumu bado imo matumboni, nami nikakubali. Kulikuwa na mtoto mchanga wa miezi mitano aliyeugua, na mtoto wa miezi mitano hali viazi vya karai. Nikasema labda mama yake alikula, yakapita kwenye maziwa. Kulikuwa na nyumba moja karibu na msikiti ambayo watoto wake walikula viazi vile karibu kila siku, na hakuugua hata mmoja. Nikasema wale wana afya nzuri. Hayo mawili nilikuwa nayo mkononi tangu mwanzo. Lililokubaliana nami nililitia kwenye hesabu, na lililonipinga nililitafutia sababu yake peke yake, kila moja sababu tofauti, wala sikuona kwamba nilikuwa nimejijengea maneno yasiyoweza kushindwa na jambo lolote ambalo lingetokea.

Wiki ya tatu alikuja afisa wa afya, binti mdogo aliyevaa buibui na viatu vya mpira, mkononi ana daftari na mkoba wa turubai. Nilimkaribisha barazani, nikamwagizia kahawa, nikamsomea orodha yangu ya wagonjwa kwa fahari kidogo, pamoja na hesabu ya wanne katika watano. Aliandika yote bila kunikatiza. Nilipomaliza akaniuliza swali moja.

"Ami, nani hakuugua?"

Sikumwelewa. Nikamjibu kwamba wasiougua ni wengi, siwezi kuwataja wote.

"Taja wanaokula viazi na hawakuugua. Kisha taja wasiokula na wameugua."

Nikamtajia ile nyumba ya karibu na msikiti na yule mtoto mchanga, kwa sababu ndio waliokuwa wamekaa kichwani mwangu kama mawe ndani ya kiatu. Akainuka pale pale akaenda kuuliza. Nyumba ya karibu na msikiti ilikuwa na tangi lake la maji ya mvua, na mama wa nyumba, kwa kuwa watoto wake husumbuliwa na vidonda vya midomo, aliwakataza ukwaju, wakawa wanakula viazi kwa chumvi na pilipili tu. Mtoto mchanga alikuwa akinyweshwa maji yenye sukari kidogo kila alipolia usiku. Yule binti aliporudi alikaa mahali pale pale, akapiga funda la kahawa, akauliza, "Na ukwaju wa yule mama ulichanganywa kwa maji gani?"

Jibu nilikuwa nalo. Kila asubuhi nilimpimia mitungi miwili, nikapokea pesa yake kwa mkono huu.

Akaomba kuona kisima. Alitoa utepe wa fundi, akapima kutoka ukingo wa kisima hadi kwenye choo chetu, akapata mita 9, kisha akapima hadi choo cha jirani ng'ambo ya ukuta, akapata mita 11. Alinieleza kwamba kwa kawaida hushauriwa pawe na mita 30 angalau, na kwamba hapa kwetu hata hizo huenda zisitoshe, kwa kuwa kisiwa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe wenye nyufa na mashimo, na maji hupita humo bila kuchujwa kama yanavyochujwa na mchanga. Masika yakijaza vyoo, kilichomo chooni hutafuta pa kwenda. Nilimwambia maji yetu ni meupe na matamu, watu wameyanywa tangu enzi za babu. Hakubishana nami. Alisema, "Tuyapime."

Alitoa chupa tatu ndogo za kioo, kila moja na karatasi nyembamba ndani yake yenye dawa. Ya kwanza akaitia maji ya kisima, ya pili maji ya kisima hicho hicho yaliyochemshwa na kupoa, ya tatu maji ya mfereji kutoka nyumba ya tatu. Nikamwuliza kwa nini asitumie chupa moja tu. Akanijibu kwamba maji ya kisima yakigeuka rangi peke yake, nitasema labda chupa ilikuwa chafu au dawa imeharibika, na yeye pia hatakuwa na la kunijibu. Lakini chupa zote zikiwa za namna moja, na ikageuka moja, basi tofauti imo ndani ya maji. Vijidudu vya aina inayotoka matumboni mwa watu na wanyama, alieleza, hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, ile inayonuka kama yai viza, na gesi hiyo ikikutana na madini ya chuma yaliyomo kwenye ile dawa hufanya weusi. Akaziweka chupa kwenye dirisha la ukumbi, mahali pa joto, akaandika saa, akaenda zake.

Usiku ule niliamka mara tatu kuzitazama kwa tochi. Mara ya kwanza hapakuwa na kitu. Mara ya pili niliona kama kivuli kwenye karatasi ya chupa ya kisima, nikajiambia ni tochi. Alfajiri, kabla ya sala, chupa ile ilikuwa nyeusi kama wino wa pweza, na mbili za pembeni yake zilikuwa kama zilivyoachwa. Nilikaa mbele yake mpaka adhana ikaisha.

Binti alipokuja nilimwomba apime tena. Alikubali kwa moyo mkunjufu, tena akasema kurudia ni jambo jema, na chupa ya pili ikawa nyeusi kama ya kwanza. Lakini katika siku ile ya kusubiri nilijiuliza jambo ambalo mpaka leo najiuliza kila ninapotaka kuhakikisha neno mara ya pili: kama ile chupa ya kwanza ingetoka safi, je, ningeomba kurudia? Nisingeomba. Ningeibusu, nikaipeleka barazani. Habari iliyonipendeza ningeipokea kwa kipimo kimoja, na iliyonichukiza niliitaka kwa vipimo viwili, na wakati huo huo niliamini kwamba nilikuwa mwangalifu. Ndipo nilipoelewa kwamba uangalifu wenyewe unaweza kuwa upendeleo, ikiwa mtu huutoa sandukuni siku za habari mbaya tu.

Tulipokuwa tukisubiri, binti alinisimulia habari ya London mwaka 1854, na baadaye nilitafuta na kuisoma mwenyewe kwa urefu. Kipindupindu kilivamia mtaa wa Broad Street, eneo la Soho, na watu zaidi ya 600 wakafa. Waganga wengi wa wakati huo waliamini kwamba ugonjwa huletwa na hewa mbaya. Daktari John Snow aliamini umo ndani ya maji, akachora mahali vifo vilipotokea, vikazunguka pampu moja. Lakini kilichonishika si ramani, ni wale waliokuwa nje ya mstari. Watu wa kiwanda cha pombe kilichokuwa hapo hapo karibu na pampu walisalimika, kwa sababu walikuwa na kisima chao na walikunywa pombe yao. Mjane mmoja aliyekaa mbali, Hampstead, alikufa, na kumbe alikuwa akiletewa maji ya pampu ile kila siku kwa kuwa aliyapenda kwa ladha yake. Niliposoma hapo nilikifunga kitabu kwa muda. Maji yale pia yalisifiwa kwa utamu.

Mpini wa pampu uliondolewa tarehe 8 Septemba, na Snow mwenyewe alikiri kwamba wakati huo vifo vilikuwa vimekwisha kupungua, kwa hiyo hakudai ushindi ambao ushahidi wake haukumpa. Anayenigusa zaidi ni mtu mwingine, kasisi kijana wa mtaa ule, Henry Whitehead, ambaye hakuamini maneno ya Snow na akaanza kuchunguza nyumba kwa nyumba kwa nia ya kuyapinga. Alikuwa anawajua watu wake, wakamfungulia milango. Kadiri alivyouliza ndivyo alivyosogea upande wa yule aliyekuja kumpinga, mpaka yeye mwenyewe akaipata nyumba namba 40, ambamo mtoto mchanga aliugua kabla ya wengine na maji ya kufulia nepi zake yakamwagwa kwenye shimo la maji machafu lililokuwa chini ya mita moja kutoka kisima cha pampu. Alianza akiwa na jibu lake, kama mimi. Tofauti yetu ni kwamba yeye alikwenda kuwauliza watu ambao majibu yao yangeweza kumwangusha.

Watu husema ukweli utafutwe kwa sababu una faida. Ni maneno sahihi, lakini mimi nimeonja upande wake wa pili na siwezi kuyasema kirahisi. Kwangu mimi, kwa wiki zile tatu, uongo ndio uliokuwa na faida. Mitungi iliuzwa, jina la babu lilibaki safi, na mimi nikaonekana mtu wa busara. Kosa langu lilikuwa na gharama, ila gharama ililipwa na mwanamke mmoja na mkokoteni wake, na watoto waliokuwa wakiendelea kunyweshwa maji yangu wakiwa wagonjwa. Wengine husema ukweli utafutwe kwa sababu ya utamu wa kujua, na hilo nalo nalijua, maana nilipokuwa mtoto nilimchosha baba kwa maswali ya kwa nini bamvua huja na mwezi mchanga na mwezi mpevu. Lakini udadisi wangu ulisinzia pale tu nilipokuwa na cha kupoteza. Sababu iliyonibakia, ambayo haikusinzia tena, ni kwamba dhana yangu haibaki kichwani mwangu. Hutoka ikaenda kumwaga sufuria ya mtu. Ninapoamini jambo kuhusu mwenzangu nimekwisha kumtendea jambo, hata kama sijainua mkono, na kama sikuchunguza, basi nimemhukumu bila kumsikiliza, na hiyo ni dhuluma.

Baba yangu mdogo, Mungu amrehemu, aliziona zile chupa nyeusi, akanishauri kwa upole. "Mwanangu, funga kisima kimya kimya. Sema kimekauka. Mungu anapenda sitara." Lilikuwa shauri la mtu mwema, na kwa siku mbili nilielekea kulifuata, kwa kuwa sisi wa pwani tumelelewa kwenye kusitiriana, na sioni haya kulisifu jambo hilo. Aibu ya jirani haianikwi. Lakini nilipolifikiria kwa utulivu niliona kwamba sitara ile ilikuwa inanifunika mimi kwa nguo ya mtu mwingine. Kisima kingekauka kwa maneno, watoto wangepona, na mtaa ungesema: mnaona, tangu yule mama aondoke ugonjwa umekwisha. Angebaki na hatia maisha yake yote, na ushahidi dhidi yake ungekuwa umeongezeka. Nilimweleza baba mdogo hivyo. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema atakuja kukaa karibu nami siku nitakayosema.

Nilisema Ijumaa iliyofuata, baraza limejaa. Niliweka chupa tatu juu ya meza ya kahawa nikaeleza kila moja ilivyopatikana, nikataja umbali wa choo, nikataja mitungi miwili ya kila asubuhi, na nikasema kwamba neno la kwanza dhidi ya yule mama lilitoka kinywani mwangu. Wapo walioondoka bila kuaga. Wapo walionishika mkono. Yule mzee wa methali aliichukua chupa nyeusi akaigeuza geuza kwenye taa, akauliza swali zuri kuliko yote ya jioni ile, kwamba je, visima vya nyumba nyingine vimepimwa? Havikuwa vimepimwa. Vilipimwa wiki iliyofuata, na viwili kati ya vinne vilikuwa kama chetu. Tangu hapo maji ya kisima chetu ni ya kuoshea sakafu na kumwagia chooni tu, mfuniko una maandishi mekundu, na kila masika yule binti, ambaye sasa ana cheo kikubwa zaidi, hututumia chupa. Ugonjwa ulipungua tulipoanza kuchemsha na kutia klorini, ingawa mvua nazo zilikuwa zimepungua siku hizo hizo, na siwezi kusema kila sehemu ya nafuu ilitokana na nini.

Ilinichukua siku tisa zaidi kupata ujasiri wa kuvuka kwenda Likoni, alikohamia yule mama wa viazi. Nilikuwa na bahasha ya pesa, na daftari, kwa sababu nilitaka kumwonyesha mwenyewe jinsi hesabu ilivyokwenda, nikidhani maelezo yatakuwa sehemu ya radhi. Nilimkuta nyuma ya soko, mbele ya chumba kimoja cha mabati, karai lake liko motoni. Alinipa kigoda. Nilisema niliyokwenda kusema, yote, bila kujipamba, na yeye akaendelea kugeuza viazi mpaka nilipomaliza. Kisha akafuta mikono kwa kanga, akaomba nimsomee ile orodha kuanzia mgonjwa wa kwanza.

Nikamsomea jina la mtoto na siku aliyoanza kuugua.

"Siku hiyo mimi nilikuwa wapi?"

Nikamwambia sijui.

"Nilikuwa Kwale, matangani kwa kaka yangu. Siku tatu. Karai lilikuwa limefunikwa." Hakupandisha sauti. "Na wewe, mwanangu, ulinijua nakwenda wapi. Ulinipa rambirambi, shilingi mia mbili, hapo hapo barazani kwako."

Nilikumbuka. Nilikumbuka hata jinsi noti zilivyokuwa zimelowa mvua. Mgonjwa wa kwanza na siku ya kwanza ya matanga vyote viwili nilikuwa navyo usiku ule wa baraza, nami sikuviweka pamoja, wala kati yetu watu kumi hakuna aliyepiga hatua hamsini kwenda kugonga mlango wake.

"Hamkuniuliza," alisema. "Mngeniuliza ningewaambia. Mimi nakaa kwenye kona kutwa nzima, najua nani anateka maji wapi, nani anachemsha, nani hachemshi."

Bahasha hakuipokea siku ile. Aliisukuma kwa kidole ikarudi upande wangu. Nilitoa kalamu, nikaandika zile siku tatu za Kwale pembeni mwa jina la kwanza, mbele ya macho yake, kisha nikamwuliza kama anaweza kunipitisha nyumba zilizobaki, moja baada ya nyingine, jinsi alivyozijua yeye. Alipunguza moto, akaweka kifuniko juu ya karai, akavuta kigoda chake karibu na changu. Akaanza na nyumba ya kona.